Birimbi Si la Kunywa

Kama usiku huu kuna glasi ya maji ya birimbi kwenye friji yako, uliyoyasaga kwa blenda ukikusudia kuyanywa alfajiri kabla hujatia kitu tumboni, nakuomba uyamwage. Usingoje kumaliza kusoma. Kamwage kwanza, kisha rudi, nami nitakueleza sababu.

Ushauri wenyewe wengi tunaujua. Hupita sokoni, msibani, kwenye benchi la kliniki ya sukari, na siku hizi hupita kwenye sauti zinazorushwa kwa simu bila mtu kujua nani alizitoa mwanzo. Chukua mabirimbi mabichi, yajae viganja viwili. Saga, chuja, usitie sukari. Kunywa asubuhi kwa asubuhi. Mafuta kwenye damu yatayeyuka, sukari itashuka, presha itatulia, na kitambi kitaondoka chenyewe. Anayekwambia hivyo si adui yako. Mara nyingi ni mtu anayekupenda: shemeji, mama mdogo, jirani ambaye amekuona ukirudi hospitali na mfuko wa dawa akakuonea huruma. Ndiyo maana unamwamini, na ndiyo maana naandika kwa haraka.

Juisi hiyo inaweza kuzizima figo zako ndani ya siku chache.

Haya si maneno ya kutishana. Ng'ambo ya bahari yetu, katika jimbo la Kerala, kusini magharibi mwa India, mbirimbi huota uani kama unavyoota Unguja, Pemba, Tanga au Mombasa. Tunda lake huko huitwa irumban puli. Wana mchuzi wao wa samaki wanaouchachua kwa tunda hilo, wana achari yao, na wana imani ileile kwamba maji yake huyeyusha mafuta kwenye damu. Mwaka 2013 madaktari wa figo wa huko walichapisha habari za wagonjwa 10 waliopokelewa katika hospitali 5. Wote walikuwa wamekunywa juisi ya birimbi, mbichi na nzito. Wote figo zao ziligoma ghafla. Wagonjwa 7 ilibidi waunganishwe na mashine ya kusafisha damu, na 3 walipata nafuu kwa matibabu mengine bila kufikia mashine. Kilichoziziba figo hizo ni fuwele za kitu kiitwacho oksaleti.

Naomba tukae na jambo hili kidogo. Watu hao hawakunywa gongo, wala hawakumeza dawa ya kuulia wadudu. Walikunywa tunda ambalo watu wa kwao hulila tangu utotoni bila kudhurika. Tunda ni lile lile. Kilichobadilika ni kiasi, na namna ya kulitumia.

Kwa msomaji wa bara ambaye hajawahi kuuona, mbirimbi ni mti usio mkubwa, na matunda yake hutokea kwenye shina na matawi manene, yakining'inia vishada vishada kama vidole vya kijani. Asili yake ni Asia ya Kusini Mashariki, na ulitufikia kwa bahari kama vilivyotufikia vitu vingi vya jikoni petu. Wataalamu wa mimea huuita Averrhoa bilimbi. Neno hilo la kwanza limetokana na Ibn Rushd, tabibu na mwanafalsafa wa Córdoba aliyeishi kati ya 1126 na 1198, ambaye Wazungu walimwita Averroes, na ndiye aliyeandika kitabu kikubwa cha tiba kiitwacho Kulliyyat. Jina la tabibu limepewa mti huu kwa heshima. Lakini tabibu yeyote wa kweli, wa zama zile au wa leo, akiambiwa kwamba kitu fulani ni dawa, swali lake la kwanza huwa: kiasi gani, kwa nani, kwa siku ngapi? Hayo ndiyo maswali ambayo zile sauti za kwenye simu hazijibu.

Tunda lenyewe halifichi ukali wake. Popote mti huu unapoota, watu wamelitumia kung'arishia vyombo vya shaba na kutoa madoa ya kutu kwenye nguo nyeupe. Kinachofanya kazi hiyo ni asidi ya oksaliki, ambayo ndiyo asili ya ile oksaleti. Hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwa sababu tumezoea kudhani uchachu ni uchachu. Ndimu huchachuka kwa asidi ya sitriki, ukwaju kwa asidi ya tartariki, na birimbi, kwa sehemu kubwa, kwa asidi ya oksaliki. Mdomoni zote hukunja uso vilevile. Ndani ya mwili ni vitu vitatu tofauti kabisa, na aliyezoea kunywa maji ya ndimu bila kudhurika asidhani ameshajaribu birimbi.

Oksaleti ina tabia moja inayoeleza kila kitu: ikikutana na kalsiamu huing'ang'ania, na vikishikana huwa punje ngumu zisizoyeyuka. Zikishikana ndani ya utumbo ni heri, maana punje hizo hutoka na choo na mwili hauzioni. Balaa huanza pale oksaleti inapokuwa nyingi kiasi kwamba inapenya ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Mwili hauna matumizi nayo, hivyo huipeleka kwenye figo itolewe na mkojo. Figo moja ina vichujio karibu milioni moja, na kila kichujio kina mrija wake mwembamba. Huko ndani, mkojo unapozidi kukolea, oksaleti hukutana na kalsiamu kwa mara nyingine. Punje huota ndani ya mirija, zikaichubua na kuiziba, na nyama ya figo ikavimba. Mtu anaweza kuwa amelala kitandani, anajisikia uchovu tu na kichefuchefu, kumbe mirija inafungwa mmoja baada ya mwingine.

Sasa tufanye hesabu. Vipimo vilivyofanywa Brazil vilikuta kati ya miligramu 8 na 10 za asidi ya oksaliki katika kila gramu ya birimbi. Tunda moja la wastani lina gramu 15 au 20. Kupata glasi ya juisi isiyotiwa maji, husagi matunda mawili matatu. Utasaga robo kilo, pengine zaidi, na robo kilo ina miligramu 2,000 na zaidi. Chakula cha kawaida cha kutwa nzima, mboga, chai na karanga zikiwemo, huwa na miligramu mia na kitu, pengine 200. Mtu mwenye mawe kwenye figo huambiwa na daktari ajitahidi asizidi 50 hadi 100 kwa siku. Glasi ile moja basi imebeba oksaleti ya siku kumi au zaidi, imemezwa kwa mikupuo miwili, na kesho yake inakuja nyingine.

Na ushauri wenyewe umechagua saa mbaya kuliko zote. Ukila chakula chenye oksaleti pamoja na maziwa, mtindi au dagaa, kalsiamu iliyomo huikamata oksaleti utumboni, na kinachoingia kwenye damu huwa sehemu ndogo, kama kumi kwa mia au chini ya hapo. Tumbo likiwa tupu hakuna cha kuikamata. Asubuhi pia ndipo mwili umekaa saa nyingi bila maji na mkojo umekolea. Kwa hiyo "kabla hujala kitu", maneno ambayo masikioni petu yana sauti ya tiba ya kweli, ndiyo yanayoifungulia oksaleti mlango.

Hapo hapo niseme jambo la mwezi wa Ramadhani, kwa sababu nalihofia zaidi kuliko mengine. Mfungaji amekaa kutwa kwenye joto la pwani bila tone la maji. Adhana inalia. Akifungua kwa tende na maji, mwili wake unashukuru. Akifungua kwa glasi ya birimbi aliyoambiwa itamkata mafuta ya sambusa na kaimati, amelitia tunda hili kwenye tumbo tupu na mwili uliokauka kwa wakati mmoja. Mwenye kupika futari nyumbani, na hasa mwenye mzee wa sukari katika nyumba hiyo, naomba alishike hili.

Maana tazama ni nani anayepewa ushauri huu. Hapewi kijana wa miaka ishirini anayecheza mpira. Anapewa mama wa miaka hamsini na tano mwenye sukari, au baba mwenye presha ya siku nyingi. Sukari na presha ndiyo magonjwa yanayoongoza kwa kuharibu figo taratibu, miaka na miaka, bila maumivu yoyote. Figo zikishapoteza nusu ya nguvu zake mwenye nazo bado anaweza kwenda sokoni, kupika, kucheka, asijue. Juu ya figo hizo zilizokwisha kuchoka ndipo tunapomwagia asidi ya oksaliki. Wengi wao tayari wanameza metformini, dawa nzuri ya sukari ambayo mwili huitoa kupitia figo. Figo zikisimama ghafla, dawa hiyo hurundikana mwilini na kuwa hatari nyingine. Ongeza vidonge vya maumivu ya mgongo na magoti vinavyonunuliwa dukani bila cheti, ambavyo vingi navyo huzibana figo. Anayepika dawa hii kwa mapenzi hajui kwamba mgonjwa wake ameshasimama ukingoni.

Wapo watakaoniambia kwamba sayansi imeshathibitisha. Nimeyasikia hayo pia. Kweli zipo tafiti zilizoonyesha kwamba dawa iliyokamuliwa kutoka majani ya mbirimbi ilishusha sukari. Ilishusha sukari ya panya wa maabara. Majani si tunda, panya si mama yako, na kipimo alichopewa panya kwa uangalizi si jagi la blenda. Zipo pia tafiti za panya kuhusu tunda na mafuta kwenye damu. Lakini za binadamu tunazo habari za wale wagonjwa 10 wa Kerala, na kwangu hizo zina uzito kuliko kizimba kizima cha panya.

Wala mtu asidhani kwamba nazidharau dawa za kwetu. Mwaka 2015 madaktari wa Marekani waliandika habari za mtu mmoja wa Arkansas aliyeharibikiwa na figo kwa kunywa chai baridi, glasi 16 kila siku. Chai ya rangi nayo ina oksaleti. Kuna watu wengine walioumia kwa kumeza vidonge vingi mno vya vitamini C, kwa sababu vitamini hiyo ikizidi mwilini sehemu yake hugeuka oksaleti. Yaani yaliyompata mgonjwa wa Kerala kwa tunda la uani yalimpata mtu wa Arkansas kwa kikombe cha chai. Figo haziulizi kama kitu kilitoka shambani au kiwandani.

Sasa nije kwenye achari, kwa sababu najua msomaji wa pwani ameshaanza kuhuzunika.

Shangazi yangu alikuwa fundi wa achari ya birimbi. Aliyachuma asubuhi, umande ukishakauka, akayaosha, akayapasua kwa urefu bila kuyatenganisha. Aliyatia chumvi kwa mkono usio na ubahili, akayaacha usiku kucha kwenye bakuli la udongo. Kesho yake yalikuwa yamenywea, yanaelea kwenye maji yao wenyewe. Yale maji aliyamwaga yote, kisha akayakamua mabirimbi kwa viganja na kuyapanga kwenye ungo. Juani siku tatu, yamefunikwa kanga nyepesi nzi wasitue. Baadaye ndipo pilipili, kitunguu saumu, bizari, haradali iliyotwangwa, na mafuta yaliyochemshwa yakapoa. Sufuria hakuigusa katika kazi hiyo, akisema, "Mwanangu, hili hula chuma." Alihifadhi kwenye chupa za kioo. Na mezani, mbele ya wali wa nazi na samaki wa kukaanga, chupa ilitolewa na kijiko cha chai. Kijiko kimoja kwa mtu. Ukirudia, unatazamwa.

Neno oksaleti hakulijua. Lakini kila alichofanya kilikuwa sahihi. Oksaleti iliyo kwenye tunda hili sehemu kubwa huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo chumvi ilipoyavuta maji nje, sehemu ya oksaleti ilitoka nayo, na ikamwagwa. Ndivyo ilivyo hata kwa mboga za majani: ukizichemsha na kumwaga maji, theluthi moja ya oksaleti inayoyeyuka hupungua, mara nyingine zaidi ya nusu. Sufuria ya alumini kweli huliwa na asidi hiyo, na kile kinacholiwa huingia kwenye chakula. Kijiko kidogo, katikati ya mlo, pamoja na samaki na pengine mtindi, kwa mtu mwenye figo nzima ni kitu ambacho mwili unakimudu. Watu wa pwani wamekula hivyo vizazi kwa vizazi. Sitaki msomaji mzima wa afya avunje chupa yake ya achari kwa sababu yangu. Nataka tu ayajue mambo matatu kuhusu kilichomo.

La kwanza ni kwamba kuhifadhi hakuui oksaleti. Moto hauivunji. Jua haliivunji. Siki, chumvi na sukari hazifanyi kitu. Birimbi likikaushwa, kinachotoka ni maji, na kilichobaki ndani ya kipande kile kilichosinyaa ni oksaleti ya tunda zima, isipokuwa ile iliyokwisha kukamuliwa na kumwagwa. Ndiyo maana vipande vitatu vikavu si sawa na kipande kimoja kibichi kwenye mchuzi, ingawa mdomoni vinaonekana kidogo. Na yale maji ya chumvi aliyoyamwaga shangazi yasihifadhiwe kamwe kwenye chupa, yasitiwe kwenye juisi nyingine, yasinywewe. Wala yale matunda yanayochemshwa na sukari mpaka yakawa sharubati nzito ya kuchanganya na maji hayajapoteza kitu: yamekolezwa.

La pili, kinachokufa kwenye kuhifadhi ni kile tunachokitaka. Birimbi bichi lina vitamini C ya wastani, miligramu 20 hadi 60 kwa gramu mia. Likianikwa siku tatu au kuchemshwa kwa jamu, nyingi huondoka. Mtu anayekula achari au jamu hii "kwa ajili ya vitamini" anajidanganya, na wakati huohuo pera bichi linauzwa kando ya barabara, lenye vitamini C mara nne au zaidi na bila hatari hii. La tatu, jamu za matunda kwa jumla ni sukari iliyopewa harufu ya tunda: zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, na kijiko kikubwa kimoja hubeba karibu vijiko vitatu vya chai vya sukari. Achari nayo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai katika vyakula vyote, na achari iliyokolea inaweza kula sehemu kubwa ya fungu hilo kabla hujafika kwenye mchuzi. Nasema hivi kwa sababu nimeona jamu na achari zikiuzwa kwa maneno ya tiba. Ni vionjo. Tuviheshimu kama vionjo.

Lakini wapo ambao hata kijiko kile cha shangazi si chao. Mwenye ugonjwa wa figo wa kiwango chochote, aliyewahi kupata mawe kwenye figo, aliyebaki na figo moja, aliyepandikizwa figo, anayesafishwa damu, na aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo au kukatwa utumbo, ambaye mwili wake hunyonya oksaleti nyingi kuliko kawaida: hawa waliache birimbi kabisa, bichi, kavu, la achari, la jamu. Mwenye sukari au presha ambaye hajapima figo mwaka huu ahesabiwe pamoja nao mpaka apime. Kipimo ni cha damu na mkojo tu. Mama mjamzito anayetamani vitu vichachu apewe embe bichi au ukwaju.

Birimbi lina ndugu yake ambaye lazima nimtaje, lile tunda la manjano lenye pembe tano ambalo likikatwa hutoa umbo la nyota, na wengine huliita karambola. Ni tamu, linapendeza kwenye sahani za hoteli, na limeanza kuonekana kwenye masoko na kwenye jamu. Hilo lina oksaleti, tena lina sumu nyingine ya neva ambayo watafiti wa Brazil waliitambua mwaka 2013 na kuiita karamboksini. Figo nzima kwa kawaida huitoa. Figo mbovu haziwezi, na sumu hupanda mpaka kwenye ubongo. Kwa mgonjwa anayesafishwa damu, hata nusu ya tunda moja imetosha kuleta madhara: huanza kwa kwikwi isiyokatika, hufuata kutapika, kuchanganyikiwa, degedege, na wengine wamekufa. Mgonjwa wa figo akipata kwikwi ya ghafla baada ya kula tunda hilo, asipewe maji na kuambiwa avute pumzi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na tunda litajwe.

Hofu hii isihamie kwenye mchicha. Mchicha nao una oksaleti, lakini tunauchemsha, tunaula na nazi, na dagaa, na ugali, na haunywewi kwa glasi. Anayeusaga mbichi kwa blenda na kuunywa kila asubuhi, kama desturi iliyoingia mijini siku hizi, huyo ndiye ninayemwambia maneno yaleyale niliyomwambia wa birimbi.

Kwa ambaye ameshakunywa, iwe jana au wiki nzima iliyopita: acha leo. Tazama mkojo wako. Ukipungua, ukawa kidogo kuliko kawaida ingawa unakunywa maji, usingoje. Kichefuchefu, kutapika, kwikwi, maumivu ya tumbo au ubavuni, uso au miguu kuvimba, uchovu usioeleweka, vyote hivyo ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyo, si kesho. Usijitibu kwa kunywa maziwa mengi nyumbani, wala kwa kuongeza dawa nyingine ya kienyeji ya "kusafisha figo". Ukifika, mwambie daktari waziwazi: nilikunywa juisi ya birimbi, glasi ngapi, siku ngapi. Wengi huona haya, wakiogopa kugombezwa. Usione haya. Fuwele hizi hazisomeki usoni, na daktari asipoambiwa anaweza kutafuta malaria na homa ya matumbo wakati saa zinakwenda. Kama kuna jambo moja tu msomaji wa makala hii atakalolikumbuka, naomba liwe hilo la kusema. Wagonjwa wakiwahiwa, figo nyingi hurudi. Wakichelewa, kuna mashine, mara tatu kwa wiki, na si kila wilaya ina mashine, na si kila familia itaiweza nauli achilia mbali gharama.

Kwa wauguzi na madaktari wa kliniki za sukari za pwani, ninyi ndio wa kwanza kuwaona watu hawa. Mnapouliza kuhusu dawa, ulizeni pia: unakunywa nini asubuhi? Mama wa watu hataihesabu juisi kuwa dawa, kwa hiyo hataitaja. Kwa wauza juisi na mabingwa wa tiba asilia, ambao baadhi yenu nawajua na kuwaheshimu, iondoeni chupa hiyo mezani. Anayetaka kinywaji kichachu mpeni ndimu iliyotiwa maji mengi. Sitriki yake huzuia kalsiamu na oksaleti kushikana kwenye mkojo, na madaktari wenyewe huwashauri wenye mawe ya figo waitumie. Anayetaka kushusha mafuta kwenye damu mwelekezeni kliniki, kuna vidonge vyake, tena si ghali.

Na kama ile sauti ya kwenye simu ulishaipeleka kwenye kundi la familia, rudi kundini leo. Usitume tu maandishi yakapita katikati ya picha za harusi. Piga simu. Anza na yule mwenye sukari, kisha mwenye presha, kisha mzee asiyesoma ujumbe, na umwulize kila mmoja kama kuna chupa kwenye friji.